Siku Shemasi Alipopoteza Mpaka

Ukienda kwa Shemasi umuulize kama anafuga paka, atakuangalia kutoka viatu hadi kichwa, kisha akuulize, "Mimi? Kufuga paka? Kwani nimekosa kazi?" Halafu atakuonyesha mnyama wa kijivu aliyejilaza kwenye kiti kizuri kuliko vyote mle ndani, juu ya mto ulioshonwa kwa uzi mwekundu, na atakueleza kwamba huyo hafugwi, huyo ameajiriwa. Anaitwa Askari. Kazi yake ni kulinda ndengu na mbaazi zisiliwe na panya, na mshahara wake ni omena, wale dagaa wakavu. Mshahara wenyewe haucheleweshwi, kwa sababu Biblia imesema mfanyakazi anastahili ujira wake. Usicheke. Mimi nilicheka siku moja nikanyimwa chai.

Tunamwita Shemasi kwa sababu ndicho alicho, shemasi wa kanisa letu hapa nje kidogo ya Tawa, na sijawahi kusikia mtu akimwita jina lingine, hata watu wa soko wasioingia kanisani. Nimemjua miaka mingi. Shamba lake liko chini ya letu, na kichwa chake kiko mikononi mwangu kila baada ya wiki mbili, maana mimi ni msusi. Anataka mistari, basi. Mistari minyoofu kutoka usoni hadi kisogoni. Nikijaribu kumletea mtindo mpya ananishika mkono: "Mwanangu, mistari iende mbele ya Mungu moja kwa moja. Ya kuzungukazunguka ni ya watu ambao hawajui wanaenda wapi." Na mimi, ambaye mistari yangu mwenyewe siku hiyo ilikuwa imezunguka kama barabara ya kupanda mlima, nikasuka minyoofu.

Ni mkali. Nisiseme uongo nikamfanya malaika. Kanisani yeye ndiye husoma matangazo, na kabla hujaleta tangazo lako lazima ulipitishe kwake, na nusu ya matangazo huishia hapo hapo mlangoni. Mbuzi wako amepotea? "Kanisa si soko." Kuku wako anauzwa? "Kanisa si soko." Mtu mmoja alitaka kutangaza kwamba amepoteza meno ya bandia kwenye mkutano wa akina mama. Shemasi alimwambia akatafute kimya kimya, kwani akipiga kelele bila meno ni nani atamwelewa? Tulicheka mpaka mchungaji akatoka nje kuona kuna nini.

Lakini mtu huyu huyu mkali, ukiugua, utamkuta jikoni kwako hata hujui aliingia saa ngapi. Atakuwa amewasha moto na amebandika muthokoi, ule mchanganyiko wetu wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ambao hauivi leo. Ukimwomba akupikie kitu cha haraka anakwambia, "Mwenye haraka apike chai." Na atakaa hapo akisuka kiondo mpaka sufuria iive, akikugombeza kwa kuugua, kana kwamba ulichagua. Anasema hapendi kukaa kwa watu. Akishasema anaenda, anasimama mlangoni, na hapo mlangoni ndipo mazungumzo yenyewe huanza.

Jambo alilojivunia kuliko yote ni Kiswahili chake. Alipokuwa msichana aliishi miaka kadhaa Mtito Andei, kwenye ile barabara ya Mombasa, akawa anasikia Kiswahili cha watu wa kila aina, na alirudi nyumbani ameamua kwamba sisi Wakamba tunakiharibu. Ndimi zetu, unajua, zinapenda b pale Kiswahili kinapotaka p. Mtu anaenda kutazama mbira. Mtu ana mbango wa kujenga. Mtu anatafuta mbishi wa harusi. Shemasi alikuwa akisikia hivyo anasimama katikati ya njia. "Si mbira, ni mpira! Si mbango, ni mpango! Si mbishi, ni mpishi! Midomo ifunge kwanza ndiyo neno litoke!" Alitufundisha sote, wazee kwa watoto, na kanuni yake ilikuwa moja tu: kila ulipotia mb, weka mp, na Mungu atakubariki. Ilikuwa kanuni nzuri sana. Kwa maneno mengi inafanya kazi kabisa.

Sasa ukitaka kujua ilipotufikisha, lazima ujue kwamba kwa Kikamba paka anaitwa mbaka.

Mumewe ndiye aliyemleta Askari. Mzee alitoka soko la Tawa jioni moja akiwa na mfuko wa koti unaolia. Shemasi alisema mnyama huyo hatalala ndani. Alilala ndani. Akasema hatapanda kitini. Akapanda. Mzee alikuwa mtu mpole, asiyebishana na mkewe, lakini sijui alifanyaje, kila alichotaka kikafanyika. Alipofariki, watoto wao wote wakiwa mbali na kazi zao, Askari alihamia kwenye kile kiti cha mzee, na Shemasi akamshonea mto. Ukimuuliza mbona mto, anakwambia kiti kilikuwa kigumu, kazi ya ulinzi inataka mgongo mzima.

Basi, mwaka jana, Alhamisi moja, Askari hakurudi jioni.

Hakumwambia mtu. Angemwambiaje, naye ndiye mwanamke asiyefuga paka? Alikuwa akitoka na sahani ya omena ameificha chini ya leso, anatembea kando ya safu ya mikonge inayotenganisha shamba lake na la jirani, ameinamisha kichwa, anatazama chini. Ijumaa watu wakamwona. Jumamosi wakamwona. Hata saluni hakuja. Watu wakaanza kujiuliza, mama huyu mjane anakagua nini kwenye mikonge?

Jirani mwenyewe ni mzee tunayemwita Dereva. Aliendesha lori maisha yake yote, na hadi leo akitaka watu wampishe njiani hupiga honi kwa mdomo. Yeye na Shemasi hawakuwa maadui, ila kulikuwa na ubaridi fulani tangu mbuzi wa Dereva waonje mbaazi za Shemasi. Salamu zilikuwepo, lakini chai hapana.

Jumapili ikafika. Shemasi alisoma matangazo yote, ya mkesha, ya harambee ya mabati, ya vijana kufagia kanisa. Kisha akakunja karatasi, akabaki amesimama. "La mwisho ni langu mwenyewe," akasema, na hapo akajinyoosha akafunga midomo vizuri kabla ya kuifungua, kama alivyotufundisha. "Mpaka yangu imepotea. Ni tangu Alhamisi. Hii mpaka ni mzee aliniachia, na nyinyi wote mnaijua. Haiendi mbali yenyewe. Lazima kuna mtu ameivutia kwake. Huyo mtu airudishe kwa amani, na mimi sitamuuliza kitu. Bwana asifiwe."

Aki ya Mungu, hakuna aliyeitikia. Halafu vichwa vyote, kimoja kimoja, vikageuka kumtazama Dereva. Huku kwetu mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini kusogeza mkonge wa mjane, hilo ni jambo la laana. Dereva akainuka. Kisha akavaa kofia yake mle mle kanisani, akatoka bila kupiga honi.

Tulipotoka nje Shemasi alinivuta kando. "Umemwona vile ametoka?"

"Nimemwona, mwaitu," nikasema, maana ndivyo Kikamba kinavyomwita mama.

"Ako nayo."

"Inaonekana ako nayo," nikasema, na roho ikaniuma.

"Mimi sitaki vita na mtu. Lakini bila hiyo silali, mwanangu. Nageuka tu kitandani mpaka asubuhi."

Nikaona ni kweli kabisa. Nani angelala huku shamba linaliwa?

Jumatatu Dereva akawa wa kwanza kufika kwa naibu wa chifu, amevaa koti lake la mazishi, akilia kwamba amechafuliwa jina mbele ya madhabahu. Jumanne asubuhi wakaja wote: naibu wa chifu, wazee wawili wa kijiji, mchungaji wetu, ambaye ni mtu wa Murang'a na mgeni kwa mambo ya mashamba yetu, Dereva mwenyewe, na sisi majirani nyuma yao. Saluni nilifunga. Mambo kama hayo hayasimuliwi, unaenda mwenyewe.

Shemasi alipowaona akashika kifua. "Mmekuja wote hivi kwa ajili yangu? Mungu awabariki. Sikujua mnanipenda hivyo."

"Jambo kama hili si dogo, mama," naibu wa chifu akasema. "Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Mzee wa kijiji mkubwa akasogea mbele na fimbo yake. "Mama, tuanze na wewe. Tuonyeshe. Hii mpaka yako ilikuwa inapita wapi?"

"Inapita hapa," Shemasi akaonyesha kwa kidole, "chini ya mikonge, inazunguka choo, halafu inashuka kule kwa Dereva."

"Mnasikia?" Dereva akaruka. "Kwangu! Hadi kwangu ndani! Sasa ni nani anamwibia mwenzake?"

"Lakini jioni inarudi," Shemasi akasema.

Wazee wakatazamana. Naibu wa chifu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama. Mpaka inarudi jioni?"

"Kila siku. Ikisikia tu nimegusa sufuria."

Mchungaji akamkaribia taratibu, kwa sauti ya kwenye vitanda vya wagonjwa. "Mama Shemasi, umekula kitu leo?"

"Mimi nimekula, mchungaji. Ni yeye sijui kama amekula."

Nilihisi machozi yananijia. Nikasema moyoni, huzuni imemzidi, mwaitu wetu anatuacha hivi hivi tukimwona. Yule mzee wa kijiji naye, nafikiri kwa huruma tu, akamuuliza kama anavyoulizwa mtoto, "Na hii mpaka yako ina alama gani, mama?"

"Ni kijivu. Na sikio moja limechanika."

Ndipo kitu kikanigonga kichwani. "Mwaitu," nikasema, "unatafuta mbaka? Hii ya kusema nyau?"

"Ndiyo nasema siku zote hizo! Mpaka!" Akanikazia macho. "Wewe ukitaka kuiita mbaka iite mbaka. Mimi naongea Kiswahili."

Asi! Sijui ni nani alianza. Nafikiri ni mchungaji, mtu wa Mungu, aliyejishikiza kwenye mkonge akachomwa na mwiba na bado hakuacha kucheka. Naibu wa chifu aliinama akashika magoti. Dereva alikaa chini kabisa kwenye tuta, na koti lake la mazishi, akijifuta macho kwa kofia. "Mama! Mama wewe! Mimi sijala tangu Jumapili! Nimeshapiga simu kwa watoto wote niwaambie baba yenu si mwizi wa shamba!"

Shemasi ndiye hakucheka. Alikuwa amesimama na ile sahani yake ya omena, sasa haijafichwa na kitu, na uso wake ulikuwa umeanza kuelewa alichosema kanisani. Lakini hilo halikumshughulisha. "Chekeni," akasema. "Chekeni tu, nimekosea, nitakubali. Lakini haijarudi. Nyinyi mkienda nyumbani kuna mtu wa kuwauliza mlikuwa wapi. Mimi nikiingia kwangu, ni huyo tu alikuwa akiniuliza. Mzee aliniambia, hii itakusumbua nikiwa sipo. Na mimi nataka inisumbue. Nimechoka na nyumba isiyonisumbua."

Kicheko kilikatika. Sijawahi kumsikia akisema maneno kama hayo, wala sidhani kama yeye alikuwa amewahi kujisikia akiyasema. Dereva akainuka pale alipokuwa, polepole, akavua kofia.

"Ya kijivu," akasema. "Sikio la kushoto?"

"La kushoto."

"Mama, twende kwa ghala yangu."

Shemasi hakungoja njia. Alipita katikati ya mikonge, leso ikanaswa, akaiacha hapo hapo. Sisi tukazunguka tukikimbia, naibu wa chifu mbele. Ndani ya ghala, nyuma ya magunia ya mbaazi, juu ya jaketi kuukuu la Dereva la kuendeshea lori, Askari alikuwa amelala ubavu na macho nusu wazi, anatutazama kama tumeingia bila hodi. Na tumboni kwake kulikuwa na watoto, wadogo, wamerundikana, wananyonya.

Kando yao kulikuwa na kibakuli cha maziwa.

"Ilikuja Alhamisi ikaingia kama mwenye nyumba," Dereva akasema, sasa anaona haya. "Nikasema labda imetupwa. Asubuhi nikikamua mbuzi naipa."

"Na kanisani hukunisikia nikiitangaza?"

"Nilisikia mpaka!"

Shemasi alipiga magoti kwenye vumbi. Kwanza alipiga vigelegele, virefu, vikagonga mabati ya ghala, na akina mama tuliokuwa mlangoni tukavipokea. Halafu akaanza kugombeza. "Askari! Ndiyo tabia hiyo? Mtu anatoka kazini bila ruhusa? Na kumbe wewe ni mama?"

"Kwani hukujua?" mchungaji akamuuliza.

"Nilidhani ni shibe! Nilimpunguzia hata omena!"

Dereva alitaka kuwainua na jaketi lote awapeleke. Shemasi akamzuia mkono. Watoto wa paka wakishikwashikwa na watu, alisema, mama huwachukia. Askari angerudi mwenyewe akitaka. Alilisema kwa ushujaa, lakini nilimwona akitembea kinyumenyume hadi mlangoni, asiweze kumpa mgongo.

Basi tukarudi kwake. Kesi ilikuwa imekwisha, kila mtu angeweza kwenda zake, na hakuna aliyeenda. Viti vikatolewa uani, chai ikawekwa, viazi vitamu vikaletwa, na Dereva, kwa mara ya kwanza tangu habari za mbuzi, akapewa kikombe. Tulizungumza habari za mvua na bei ya ndengu, lakini macho yalikuwa kwenye mikonge. Shemasi hakukaa. Alikuwa akienda jikoni anagusa sufuria, ngo ngo, kisha anarudi kutazama. Akagusa tena. Na tena. Chai ikapoa. Nilianza kuogopa kwamba haji, na kwamba mbele ya watu wote hawa mama huyu ataambiwa na paka kwamba amepata nyumba nzuri zaidi.

"Msisogee," mzee wa kijiji akanong'ona.

Majani ya mkonge yakatikisika. Askari akatoka, kichwa juu, mtoto wa kwanza akining'inia mdomoni. Akapita katikati ya viti vyetu, kando ya viatu vya naibu wa chifu, akaingia ndani bila kutazama mtu. Tulishangilia kama goli limefungwa! Akatoka, akarudi kwa Dereva, akaja na mwingine. Kila akija tunashangilia, na kila akiondoka Shemasi anashika kidevu anangoja. Yule wa mwisho alichelewa. Chai ya pili ikaisha, jua likateremka. Shemasi akasogea hadi kwenye mikonge akainama, akaita kwa sauti ambayo sikuijua, nyembamba, "Njoo, mama. Njoo nyumbani, njoo." Na Askari akaja, amechoka, akipumzika na kuanza tena, na mtoto wake mdomoni. Shemasi alimpisha njia kama anavyompisha askofu.

Naibu wa chifu akasimama akajikung'uta suruali. "Kwa hivyo uamuzi wa wazee," akasema, "ni kwamba mpaka umevuka mpaka na umerudi. Hakuna aliyemkosea mwenzake." Wakapeana mikono, Dereva na Shemasi, mikono miwili miwili, na Dereva akaondoka akipiga honi hadi kwake.

Nilibaki nyuma kuosha vikombe, kisha nikaenda kwetu kufungia mbuzi. Nilipokuwa karibu kukaa nikakumbuka nimeondoka na sufuria yake, nikarudi kuipeleka. Giza lilikuwa linaingia. Kutoka nje nilisikia Shemasi anamgombeza mtu huko ndani, kwa ukali wake wote, moto kabisa: wewe usimpande mwenzako, na wewe utaanguka, na wewe mama yako amechoka humwoni? Nikasimama. Nilifikiri watoto wake wamekuja na wajukuu.

Nikasukuma mlango kidogo nikabisha. "Hodi, mwaitu."

"Nani huyo anasimama na mlango wazi?" akasema. "Ingia haraka ufunge. Tuko ndani wote."